Shangazi Aliyerudisha Themostati Kazini

Kosa la wengi wetu tunaofanya kazi na boti ni kudhani kwamba injini ikiwa baridi ndiyo iko salama. Tunaogopa joto, na si vibaya kuliogopa, maana kila mmoja wetu ameshaona injini iliyochemka katikati ya maji na aibu iliyofuata. Lakini kwa hofu hiyo mtu hufungua kifuniko, akang'oa themostati, kile kidude kinachoyazuia maji yasiende kupozwa mapema, akaitupa, kisha akajisifu kwamba mshale wa joto haupandi tena. Ni kweli, haupandi. Injini inaumwa polepole huku mwenyewe akitabasamu.

Aliyetutoa katika kosa hilo anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya vivuko. Jina lake halisi lipo ofisini, ila ukiliita humu ndani hakuna atakayegeuka, pengine hata yeye mwenyewe. Kwetu sote ni Shangazi.

Jina hilo lilimpata asubuhi ya kwanza ya kazi. Mtoto wa kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuuza tiketi dirishani, alimwona akipita getini ndani ya ovaroli iliyowatosha watu wawili. Akapaza sauti juu ya vichwa vya abiria: "Shangazi! Unakwenda wapi na hilo hema?" Foleni nzima ikacheka, na Shangazi naye akacheka. Kufikia mchana fundi mkuu, mtu mwenye mvi na wajukuu, alikuwa akiagiza, "Shangazi, nipe spana namba kumi na tatu," kana kwamba wamezaliwa ukoo mmoja. Jioni mumewe, ambaye ni fundi cherehani, aliipunguza ovaroli hiyo na kuiongezea mfuko mrefu wa tochi pembeni ya paja. Wenzake walipouona mfuko ule, kila mmoja alitaka wake. Ovaroli zote za karakana hii mpaka leo zina mfuko huo, na wageni hudhani zilinunuliwa hivyo.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa dizeli, kazi ambayo humpa mtu mikono mikavu na subira. Akahamia kwenye pampu za maji, kisha injini, akawa kiongozi wa zamu, na kwa miaka tisa hii ya mwisho amekuwa fundi mkuu. Hakupanda kwa kelele. Alikuwa na tabia ya kushika kipuri kibovu na kukigeuzageuza muda mrefu, kama mtu anayesoma barua kutoka mbali, na hakukiweka chini mpaka ajue kimekufa kwa ugonjwa gani. Wengi wetu tulibadilisha kipuri tukaenda zetu. Yeye alitaka kujua marehemu alikuwa akila nini.

Huwezi kumweleza Shangazi bila kumtaja aliyemfundisha, yule fundi mkuu mwenye mvi, tuliyemwita Mzee Nyundo. Jina hilo hakulipata kwa kupiga vitu. Alilipata kwa sababu jambo alilotaka ulijue alilirudia na kulirudia mpaka likakuingia kichwani. Ndiye aliyemshika Shangazi mkono. Siku nahodha mmoja aliposema hatakubali boti yake ifunguliwe na mwanamke, Mzee alifuta mikono yake taratibu, akamjibu: "Basi isukume kwa mikono, nahodha. Sisi tunakwenda kula." Wakaenda kula kweli. Waliporudi nahodha alikuwa amekaa juu ya ndoo, mpole kama maji ya mtungini, akimsubiri Shangazi.

Mzee Nyundo alikuwa na desturi moja ambayo hatujapata kusikia kwamba ipo katika karakana nyingine yoyote. Kila injini mpya iliyofika hapa, kabla haijatiwa hata mafuta, aliitoa themostati na kuitunga kwenye waya uliokuwa ukutani juu ya meza yake. Waya ulijaa mwaka hadi mwaka mpaka ukaonekana kama mkufu wa jitu. Wageni waliusifu wakidhani ni pambo. Sisi wenyewe tuliona ni sehemu ya kuipokea injini, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Hakuwa na kichaa. Zamani, kabla ya Shangazi kuajiriwa, themostati ya kivuko kimoja ilikwama ikiwa imefungwa, katikati ya safari, na abiria wamejaa. Maji hayakupata njia, injini ikachemka, mvuke ukaruka, watoto wakalia. Mzee aliing'oa themostati ile kwa bisibisi huku mikono ikiungua, akawafikisha watu wote nchi kavu. Tangu hapo hakuiamini themostati yoyote, na nani angemlaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hapa tusimame kidogo tueleze, maana Shangazi hatatusamehe tukipita bila kueleza. Themostati ni kidude kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni ya bawabu. Ndani yake mna nta. Nta ikipata joto huvimba, ikivimba husukuma kipini, na kipini hufungua mlango. Ikipoa hunywea, na springi huufunga mlango tena. Injini inapowashwa ikiwa baridi, mlango umefungwa, na maji yaliyomo yanazunguka mumo humo mpaka yapate moto wa kutosha. Hapo bawabu hufungua kidogo kidogo na kuyaruhusu yaende kupozwa. Hafungui kwa huruma wala kwa kuombwa. Anafungua kwa kiasi cha joto tu.

Ukimwondoa bawabu huyo, maji yanakwenda kupozwa hata kabla hayajapata moto. Kwenye gari hilo ni baya, na kwenye boti ni baya zaidi, kwa sababu boti inaelea juu ya maji baridi yasiyokwisha. Dizeli inayopulizwa ndani ya silinda baridi haiungui yote. Nyingine inatoka kama moshi mweupe unaochoma macho. Nyingine inateremka ukutani mwa silinda, inaiosha oili iliyopaswa kulinda chuma, na ringi za pistoni zinabaki zikisaga chuma kwa chuma. Mvuke unaotokana na kuungua kwa dizeli nao, badala ya kutoka, unageuka matone kama yale yanayokaa chini ya kifuniko cha sufuria, unachanganyika na oili mpaka inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Na zipo injini ambazo ukiitoa themostati maji hukata njia ya mkato, pembe moja ya injini ikaungua wakati geji ya joto inasema kuna baridi.

Shangazi hueleza yote hayo kwa sentensi moja: "Pasi baridi hainyooshi nguo, na pasi iliyozidi moto inaiunguza." Mke wa fundi cherehani lazima aseme hivyo.

Sasa turudi karakana. Boti iliyoumizwa zaidi na mkufu ule ilikuwa boti ya wagonjwa, ile inayovusha watu wa ng'ambo kuja hospitali wakati vivuko vya abiria vimeshafungwa. Tuliiita Kikohozi. Kabla hujaiona uliisikia, na kabla hujaisikia uliinusa. Injini yake ilikuwa imeshafunguliwa mara mbili na kuwekwa ringi mpya, na mara zote mbili ilirudia kukohoa. Ilipoletwa mara ya tatu ofisi ilisema wazi: hii ni ya mwisho. Ikiugua tena itauzwa kama chuma chakavu, na haitanunuliwa nyingine.

Nahodha wa Kikohozi ana mama yake mzazi ng'ambo, na moyo wa mama huyo haukuwa mzima. Alikuja karakana akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Shangazi," alisema, "mimi sijui ringi wala pistoni. Najua tu kwamba ng'ambo hakuna gari la kumfikisha mtu hospitali."

Shangazi akaifungua injini. Akaona oili ya rangi ya chai, akaona kuta za silinda zilizolika, akaona masizi yaliyoganda kwenye pistoni. Akaigeuzageuza ile pistoni kwa muda mrefu, kama ilivyo kawaida yake. Halafu akainua macho akautazama ule waya ukutani.

Alijua ugonjwa. Alijua pia ulitoka mkononi mwa nani. Kama angeweka ringi mpya na kunyamaza, Kikohozi kingeharibika tena na kuuzwa. Kama angesema mbele ya watu, angemvunjia heshima mzee aliyemfanya kuwa fundi, tena mzee aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alikwenda nyumbani akamweleza mumewe. Mumewe alikata uzi kwa meno akamwambia: "Mkubwa hasahihishwi. Mkubwa huulizwa."

Kesho yake Shangazi alifika kazini na sufuria ya nyumbani, jiko dogo la umeme na kipimajoto cha kuomba stoo. Mumewe aliitafuta sufuria ile siku nzima. Akaweka maji jikoni juu ya meza ya Mzee Nyundo, akasema kwa adabu:

"Mzee, nisaidie jambo. Kati ya hizi zote zilizo kwenye waya, zipi nzima na zipi mbovu?"

"Zote mbovu. Kwani mimi nilizitoa kwa nini?"

"Nataka kuona kwa macho, Mzee. Si wewe uliyenifundisha nisiamini maneno?"

Mzee alikuna kidevu. Hakuna fundi wa kweli anayekataa kujaribu kitu. Akafunga uzi kwenye themostati ya kwanza, akaining'iniza majini bila kuigusisha chini ya sufuria, akavaa miwani. Maji yalipofikia joto lililochapwa kwenye ukingo wake, themostati ilifumbuka taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Mzee akasema, "Hmm." Ya pili ikafumbuka. Ya tatu ikafumbuka. Mtunza stoo, ambaye hukosi kumkuta palipo na kitu cha kutazama, akaanza kushangilia kama yuko mpirani. "Hiyo! Inakuja, inakuja... imo!" Mafundi wakaacha kazi, wakaizunguka meza. Moja mbili zilichelewa, na mtunza stoo akazizomea mpaka zikafunguka kwa aibu.

Mwisho ilibaki moja yenye mchubuko mrefu wa bisibisi. Mzee aliijua kabla ya kuishika. Ilikuwa ni ile ya siku ya mvuke. Akaining'iniza. Maji yakapata moto, yakatoa mapovu, yakachemka mpaka yakarukia mezani, na themostati ile ikabaki imefumba macho kama maiti. Mtunza stoo akazima jiko.

Mzee Nyundo akavua miwani. "Kumbe mwizi alikuwa mmoja," alisema, "na mimi nimefunga ukoo mzima."

Akaanza kucheka yeye kwanza, cheko lile lake la kutikisa mabega, ndipo sisi tukapata ruhusa. Shangazi hakucheka sana. Alimwambia maneno ambayo tungependa kila anayesahihisha wenzake ayajue: "Siku ile ulifanya sawasawa, Mzee. Watu walifika. Tulichosahau ni kuweka nzima kesho yake." Alisema *tulichosahau*, ingawa yeye siku ile hakuwa hata ameajiriwa.

Silinda zilipokwisha kutengenezwa na ringi mpya kuwekwa, Mzee alisisitiza kuifunga mwenyewe themostati ya Kikohozi. Ilitoka stoo ikiwa mpya, nayo ikapitishwa kwanza kwenye sufuria, kwa kuwa upya peke yake si ushahidi. Siku ya majaribio walikwenda watatu: nahodha usukani, Mzee pembeni yake, na Shangazi chini kwenye injini, mkono ukiwa karibu na mpira unaopeleka maji kupozwa.

Kumbukeni kwamba nahodha yule hakuwahi kuuona mshale wa joto wa Kikohozi ukinyanyuka. Kwa miaka yote ulilala chini kama mbwa mzee. Sasa ukaanza kupanda.

"Mzee, geji inapanda!"

"Naona."

"Mzee, bado inapanda! Nazima!"

"Usiguse hapo. Iache ipande. Ilikuwa imezuiwa tu."

Nahodha anaapa mpaka leo kwamba Mzee alisema hivyo kwa sauti ya kiume, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti kwa nguvu ya mtu anayening'inia ghorofani. Na tusimcheke. Katika kichwa chake watoto wa kivuko kile cha zamani walikuwa wakilia. Mshale ukapita nusu, ukaendelea. Hapo sauti ya Shangazi ikapanda kutoka chini:

"Mpira umepata moto! Mlango umefunguka!"

Mshale ukashuka kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri kitini, kisha ukasimama. Ukasimama kabisa. Wakaongeza mwendo, ukabaki palepale. Wakapunguza, palepale. Nahodha akageuka nyuma kutazama moshi, asiuone. Akatega sikio, asisikie kikohozi.

"Mzee, injini imezimika?"

"Haijazimika," Mzee alimjibu. "Imepona."

Walirudi gatini wakipiga honi bila sababu. Tuliokuwa nchi kavu tulidhani kuna ajali, tukakimbia na maboya, tukawakuta watu wazima watatu wanacheka mpaka machozi. Mumewe Shangazi, aliyekuja kudai sufuria yake, alirudi nyumbani mikono mitupu, maana Mzee Nyundo alishaitangaza kuwa chombo cha kazi. Imo karakana hadi leo, na hakuna anayeruhusiwa kuipikia kitu.

Themostati nzima za kwenye waya zilirudishwa kila moja kwenye injini iliyoifaa, na Mzee Nyundo alitumia muda wake uliobaki kazini kuhubiri themostati kwa manahodha kwa bidii ya mtu aliyeongoka jana. Alirudia na kurudia, kwa nyundo yake ileile. Anaishi, ana afya, na ameshatuma ujumbe kwamba siku ya sherehe ya kumuaga Shangazi atakaa kiti cha mbele na hatavumilia hotuba ndefu.

Kikohozi hakikuuzwa. Mwaka uliofuata oili yake ilitoka nyeusi safi, kama inavyopaswa kutoka kwenye injini inayofanya kazi, na ofisi haikulitaja tena suala la chuma chakavu. Jioni moja, vivuko vikiwa vimeshafungwa, ni mama yake nahodha aliyelazwa ndani yake, akivushwa na mwanawe mwenyewe, mshale umetulia mahali pake mpaka gatini. Mama alifika kwa wakati, akatibiwa, akarudi kwake. Tangu hapo amewahi kutulalamikia jambo moja tu: benchi la boti ni gumu. Tumeliwekea godoro.

Alipofanywa fundi mkuu, Shangazi aliweka sheria moja tu: "Ukitoa kitu, sema utarudisha nini." Ilitumika kwa boliti, ikatumika kwa watu waliohamishwa zamu, ikatumika hata kwa vikombe vya chai. Vikao hakuvipenda. Alikuja na kabureta ya injini ndogo ya petroli mfukoni ili mikono isikae bure, na mwenyekiti mmoja aliwahi kukuta springi ndani ya karatasi zake za ajenda. Miwani yake aliining'iniza shingoni kwa uzi uliobanwa na klipu ya mpira wa mafuta, na hakuna mkufu wa dhahabu uliowahi kumpendeza kama ule.

Nyumbani kwake, kwa ushahidi wa mumewe, bomba la jikoni linavuja kwa miaka. "Nimeoa fundi," husema, "na ninalala nikihesabu matone." Mganga hajigangi. Sasa hana kisingizio, na mume ametuomba tusimpigie simu kwa shida ndogondogo mpaka bomba litengemae. Tumeahidi, lakini hatukuapa.

Shangazi, asante. Asante kwa injini ulizoziponya na kwa namna ulivyotufundisha bila kumwacha mtu yeyote uchi mbele ya wenzake. Tunakuombea asubuhi zisizo na king'ora, mwili wenye afya, kicheko cha wajukuu, na mume atakayekushonea kila kitu isipokuwa ovaroli. Mlango wa karakana hii hauna bawabu kwako. Kwako hufunguka hata kukiwa baridi.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani na akakataa fremu. Alisema mwezi uliopita boti mbili zililetwa tena zikiwa zimeng'olewa themostati, na kwamba zawadi atakayoipokea ni sisi kutozirudishia injini ugonjwa ule yeye akiwa hayupo. Akaomba makala hii imalizike kwa kazi, sifa zitangulie. Kazi yenyewe ni hii: leo, washa injini yako ikiwa baridi, utazame mshale wa joto, na mshale huo usipopanda mpaka mahali pake ukasimama hapo, nenda stoo ukachukue themostati nzima.